Mavyaa asema ni mimba tu, lakini kichwa hakinipi usingizi

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo. Assalaam aleikum.

Mimi ni mke wa mtu, umri wangu miaka 27, naishi kisiwa cha Pate, kijiji nisikitaje kwa kuwa huku kila mtu amjua mwenzake. Nina binti mmoja wa miaka mitano, na sasa nina mimba ya miezi saba. Mume wangu ni mvuvi, na msimu huu yuko dago, kambi ya wavuvi, upande wa Kiwayu. Simu huko hushika kwa bahati. Nyumbani tumebaki mimi, mavyaa, wifi yangu na watoto.

Mavyaa ni mtu mwema, nataka hilo lijulikane kabla sijasema lingine. Nilipojifungua mara ya kwanza ndiye aliyenikanda na kunifunga tumbo mpaka arobaini ikaisha, hata ndoo ya maji sikuinua. Kijijini anaheshimiwa kwa ukunga. Vijana wengi wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake, na akisema neno la uzazi hapana wa kumjibu.

Mimba hii si kama ile ya kwanza. Miguu imevimba, na hilo silishangai. Lakini pete ya ndoa ilikuwa haivuki kifundo cha kidole, nikaitoa kwa sabuni, sasa nimeifunga kwenye pindo la leso. Nikiamka asubuhi kope zimejaa, hata binti yangu aliniuliza, "Mama, ulikuwa ukilia?" Kisha kuna hiki kichwa. Kinagonga hapa kwenye paji la uso, nikimeza panado kinatulia kidogo halafu kinarudi na nguvu zake zote. Juzi jioni nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo, nikaona vimulimuli mbele ya macho, na punje nikaziona mbili mbili. Nikauweka ungo chini nikaegemea ukuta mpaka ikapita.

Nilipomwambia mavyaa alisema, "Hiyo ni mimba ya mtoto mwanamume, ndivyo zilivyo, zitesazo." Akanifunga kichwa kwa leso, akatuma kwa mwalimu nikaandikiwa kombe, aya za Qurani zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Akasema na jicho pia lipo, maana watu wanaitazama sana nyumba yetu. Mimi sina neno na kombe, nimelelewa nalo. Ila kichwa hakijaondoka.

Mwezi uliopita nesi wa zahanati alinipima presha, akaandika 146/94 kwenye kitabu cha kliniki na kuizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Alinitaka nirudi wiki ile ile, mkojo upimwe. Mavyaa akasema presha humpanda yeyote aliyetembea juani, na wiki ile tulikuwa na harusi. Duara lile nalitazama kila nikifungua kitabu.

Mama, linalonizuia ni hili. Katika mimba ya kwanza niliumwa na tumbo mwezi wa nane, mume wangu akakodi boti usiku kwa pesa za kukopa. Tulipofika hospitali, nesi alinigusa tumbo, akasema huu si uchungu, umekuja bure, mbona nyinyi wa visiwani mna haraka hivyo. Tukarudi, na habari ikatutangulia kijijini. Mpaka leo nikisema naumwa, atatokea mtu aseme, "Basi aitiwe boti," na wote wacheke.

Nitajuaje kuwa hii ni mimba ya kawaida au ni jambo la kukimbilia hospitali? Nimsubiri mume wangu arudi ndiyo aamue? Na mama yangu mzazi yuko Malindi, anataka niende nikajifungulie kwake. Mavyaa akisikia hilo hunyamaza siku nzima. Nikienda, nitakuwa nimemvunjia heshima mtu aliyenitunza. Nikikaa, naogopa. Nishauri.

Mja mzito, Pate.

JIBU

Marahaba mwanangu, waaleikum salaam.

Wasomaji wajue kwanza kuwa barua hii haikungoja zamu. Nilipofika pale kwenye ungo wa mchele niliipiga namba uliyoacha, tukazungumza, ukaniambia wifi yako atakupeleka Faza alasiri ile ile. Haya ninayoandika sasa ni yale ambayo simu haikuyatosha, na nayaandika pia kwa wengine waliojifunga leso kichwani kama wewe. Na ikiwa yuko anayesoma hapa ana mimba, kichwa chake hakisikii panado na macho yanaona nyota, aiache barua ya mwenzake hapa hapa aende akapimwe. Ataimalizia akirudi.

Nilivyokusoma, unaumwa na hujui maumivu yako yana uzito gani. Juu ya hilo, kila njia ya kwenda kuuliza imekaliwa na mtu unayemheshimu, au na kicheko unachokikumbuka. Mwili wako umekwisha sema. Kinachokutatiza ni nani mwingine nyumbani mwenye haki ya kuusikiliza.

Niuanze mwili, maana huo haungoji.

Mavyaa hakukosea aliposema wajawazito huvimba. Miguu inayojaa jioni na kupungua ukilala ni kitu cha mimba nyingi. Kinachonishughulisha mimi ni uso na mikono, tena asubuhi, wakati umelala usiku kucha na ulipaswa kuamka umepungua. Kope alizoziona binti yako na ile pete ya kwenye pindo ni habari nyingine kabisa na miguu. Hata hivyo uvimbe peke yake hauthibitishi kitu, na wapo wanaopatwa na ugonjwa ninaouhofia, presha ya mimba ambayo madaktari huiita pre-eklampsia, wasivimbe popote. Ndiyo maana yule nesi alitaka vitu viwili: presha yako tena, na mkojo.

Presha ya mjamzito aliyepita wiki ya 20 ikifika 140 juu au 90 chini, kisha ikapimwa tena ikawa hivyo hivyo, huitwa ya juu. Ikifika 160 juu au 110 chini ni dharura ya saa hiyo hiyo. Yako ilikuwa 146 kwa 94. Jua huweza kuipandisha presha kidogo, ndiyo, na ndiyo sababu ya kumpumzisha mtu kivulini na kumpima mara ya pili. Jua si sababu ya kutompima tena. Na mkojo hutazamwa kama una protini, kwa sababu ugonjwa huu huanzia kwenye kondo la nyuma, ukaharibu mishipa midogo ya damu ya mama mwili mzima. Figo zikiguswa, protini huvuja kwenye mkojo. Ini likiguswa, mama huumwa na chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, akadhani ni kiungulia, akapewa tangawizi. Ubongo ukiguswa, kinauma kichwa namna hiyo yako na macho yanaona ukungu au vimulimuli. Na mtoto naye anaweza kudumaa tumboni, kwa sababu damu inayomlisha haifiki vizuri.

Ukiachwa uende utakako, mwisho wake ni degedege, kile kifafa cha mimba. Hapa pwani nimeona mama akitupa mikono na miguu huku watu wakitafuta ubani, wakisema kapandwa na shetani. Nisomewe vizuri: sizuii mtu kusoma dua, mimi mwenyewe husoma. Lakini dua inasomeka ndani ya boti. Anayepatwa na degedege alazwe ubavu wa kushoto, asitiwe kijiko mdomoni, asinyweshwe kitu, na safari ianze. Hospitali zina sindano ya magnesiamu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa sindano hiyo hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya siku nyingi na si ya bei kubwa. Ila haiji kijijini yenyewe.

Sasa niruhusu nikuulize kidogo juu ya mambo uliyoyachukua kuwa ndivyo yalivyo.

Umeandika kana kwamba ukienda ukaambiwa huna kitu, umeshindwa. Yule nesi aliyekwambia umekuja bure alikosea, na ningemwambia hivyo mbele yake. Mwenye mimba ya miezi minane anayeumwa na tumbo ana kila sababu ya kutazamwa, kwa sababu uchungu unaokuja kabla ya wiki 37 ni hatari kwa mtoto, na hakuna awezaye kujua kama ni wenyewe mpaka aguswe na kupimwa. Uliambiwa si uchungu. Hicho ndicho ulichokifuata, na ulikipata. Wanaosema "aitiwe boti" wanacheka kwa sababu ulirudi mzima. Waache wacheke.

Umeandika pia kana kwamba ungeijua presha kwa kuihisi. Wengi hawaihisi. Mtu anaweza kuwa na 150 kwa 100 anapika, anafua, anaimba. Kwa hivyo swali lako la "nitajuaje" jibu lake moja ni kwamba peke yako hutajua, na wala mavyaa hatajua kwa kukutazama, hata awe na mikono ya namna gani. Yataka mashine na kikaratasi cha mkojo.

Kisha barua yako yote inazungumza habari ya boti, kama kwamba msaada uko ng'ambo ya maji tu. Zahanati yenu ina mashine ya presha, na Faza kuna hospitali hapo hapo kisiwani, kwa bodaboda. Unaweza kuanzia huko bila kukodi chombo wala kungoja maji yajae. Wao ndio watakaosema kama inafaa uvuke uende Amu, yaani Lamu mjini, hospitali ya King Fahd, na wakisema hivyo hutakuwa tena mke wa fulani mwenye haraka. Utakuwa mgonjwa mwenye barua ya rufaa.

Na mavyaa. Umemchora kama mlango uliofungwa. Mimi nimefanya kazi na wakunga wa vijijini miaka mingi, na ninachokijua ni kwamba mkunga wa siku nyingi ameona zaidi ya anayoyasimulia. Waliozaa salama mikononi mwake wanapita mbele ya mlango wake kila siku wakimwamkia. Wale ambao hawakusalimika hawapiti. Siku moja mkiwa wawili tu, labda mnakuna nazi, muulize kwa adabu: "Mama, umewahi kumwona mtu akishikwa na kifafa cha mimba? Alianzaje?" Usimuulize kwa kumtega. Muulize kwa sababu huenda akakwambia alianza kwa kichwa. Huenda pia akakasirika au akanyamaza, sikuahidi. Wewe ndiye unayemjua.

Lipo jambo lingine kuhusu wazee wetu hawa. Ukimwambia mkunga "naenda hospitali", husikia "kazi yako imekwisha". Ukimwambia "nataka unisindikize, uwaambie wewe mimba ya kwanza ilikuwaje", umempa kiti. Wapo watakaokikataa. Lakini nimewaona wengi wakikikalia, na wakishakaa, wao ndio wanaomkemea nesi asiyemhudumia mgonjwa wao haraka.

Habari ya mume wako, sitaki kuisemea nyumba yenu. Lakini wakati wa kuomba ruhusa ni sasa, mtu akiwa hana maumivu, si usiku wa manane simu ikiwa haishiki. Chombo chochote kiendacho Kiwayu kinaweza kubeba ujumbe: kwamba nesi ameiona presha, kwamba hali ikibadilika utaondoka bila kumngoja, na kwamba unataka ridhaa yake mapema pamoja na pesa kidogo ziwekwe kwa wifi. Hakuna nahodha anayengoja tanga lipasuke ndipo aulizane na mwenye chombo kama alishushe, na mumeo analijua hilo kuliko mimi.

Wataalamu wa uzazi husema mama huchelewa mahali patatu: kuamua, kufika, na kuhudumiwa akishafika. Watu wa nje wakiitazama Pate huona bahari, wakadhani ucheleweshaji wetu wote ni maji. Kwa niliyoyaona mimi, saa nyingi zaidi hupotea sebuleni.

Sasa wapi pa kujifungulia. Hapa sina jibu la kukupa, nina mambo ya kuyapima.

Kubaki kijijini kunakuacha na binti yako na watu waliokuzoea. Ukiliona hilo ndilo, basi lisiwe kubaki kwa kungoja. Lingetaka upimwe presha na mkojo kila nesi atakapokwambia, pengine mara mbili kwa wiki, umeze dawa ya presha utakayoandikiwa bila kuikatisha siku unayojisikia vizuri, na uwe umeelewana na mwenye boti anayejua lini mkondo wa Mkanda unapitika na lini maji mafu yatawazuia. Hatari yake unaijua: ugonjwa huu hubadilika ndani ya saa chache, na Kusi ikivuma kwa nguvu kuvuka si jambo la kutegemea.

Kwenda Malindi kwa mama ni faraja, na sisi tumezoea mwana kurudi kwao kuzaa. Lakini tazama njia: boti mpaka Amu, uvuke Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 200 kwa basi kupitia Witu na Garsen. Kwa mwenye presha iliyotulia, aliyeruhusiwa na daktari, na mapema, hilo hufanyika. Kwa mwenye kichwa kama chako cha juzi, sipendi kukufikiria ukiwa katikati ya njia ile. Usiipange safari hiyo kabla daktari hajakutazama.

Kuna njia ambayo hukuitaja, labda kwa kuwa haimfurahishi mama wala mavyaa: kuhamia Amu mjini wiki za mwisho, kama una jamaa wa kukuhifadhi, uwe karibu na hospitali ya kaunti. Ni gharama, na kukaa nyumba ya watu na mimba kubwa kuna uzito wake. Binti utamwacha kwa wifi au utakuja naye? Hilo mliamue nyinyi. Yaweza pia kutokea daktari akaamua mwenyewe, akakulaza, au akaona mtoto atolewe kabla ya tarehe, kwa sababu ugonjwa huu hauna tiba ya mwisho isipokuwa mtoto na kondo kutoka. Ukiambiwa hivyo usidhani ni haraka ya madaktari. Uliza presha ni ngapi, mkojo umeonyesha nini, mtoto yukoje. Una haki ya kujibiwa.

Popote utakapokuwa, uwe umejisajili SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uwe unawajua watu wawili wanaoweza kukutolea damu. Dawa za maumivu za dukani kama brufeni na diklofenaki ziache, hazifai katika miezi hii. Panado inafaa, lakini kichwa kisichotulia kwa panado ndicho kile kile nilichokusemesha.

Kwa kuwa umeuliza jinsi ya kutambua, nisiishie kwenye presha. Damu ikitoka ukeni wakati huu, hata kidogo, hata bila maumivu, usilale nayo. Ikitoka na tumbo limekakamaa kama ubao, ni mbaya zaidi, na wenye presha wako karibu zaidi na hilo. Maji yakikutoka kabla ya uchungu, au ukipata homa, ambayo huku kwetu huweza kuwa malaria, nenda. Pumzi ikikata umekaa tu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, nenda. Na mtoto akipunguza kucheza kuliko ulivyomzoea, usikae ukimhesabia mpaka kesho yake kwa sababu mtu kakwambia watoto hulala wakikaribia kuzaliwa. Nafasi hupungua, hawalali siku nzima.

Mwisho ni jambo ambalo mavyaa ana nafasi yake kamili. Watu hudhani mtoto akishatoka presha nayo imetoka. Degedege huweza kuja baada ya kuzaa, zaidi katika siku mbili za mwanzo, na hatari hubaki mpaka karibu wiki sita, yaani karibu arobaini yote ile ambayo utakuwa ndani, unakandwa, hutoki. Basi mwambie yeye, ambaye atakuwa anakuona asubuhi na jioni kuliko daktari yeyote, kuwa kichwa kile au vimulimuli vile vikirudi, arobaini ikatizwe na utolewe nje siku hiyo hiyo. Na muombe nesi wa zahanati aje akupime mumo humo ndani, ikiwa kutoka kutaleta maneno.

Wifi yako aliniahidi kunitumia picha ya ukurasa wa kitabu, pale walipoandika presha ya Faza. Mkumbushe.

Wako,
Mama Mshauri